Mziki wa kukodi na magari ya matangazo Mwanza: kipi ni cha kura za maoni, kipi ni cha uwanjani

Mwanza haijawahi kukosa mziki wa kukodi, yaani mitambo ya sauti. Kuanzia Buhongwa hadi Pasiansi utapata Kanta, lori dogo, yenye ukuta wa spika, Noah yenye honi nne juu ya keria, hadi bajaji yenye kispika kimoja cha kutangazia dawa ya mende. Shida ni kwamba mingi ya mitambo hii imefungwa kwa ajili ya harusi, uzinduzi wa maduka na vigoma vya mtaani. Msimu wa siasa ukiingia inavishwa bendera na kuitwa mitambo ya kampeni, bila kubadilishwa hata waya mmoja.

Mkutano wa siasa ni maneno. Mama aliyesimama mstari wa mwisho asiposikia jina la mgombea na anachoahidi, besi iliyotikisa bati za Mabatini imemsaidia dijei peke yake. Kwa hiyo hapa tunapima mambo matatu tu: maneno yanafika umbali gani, umeme unadumu muda gani, na fundi mitambo anajua nini. Majina ya kampuni tumeyaacha makusudi, maana gari lile lile msimu ujao litakuwa na fundi mwingine, na unayemkodi hasa ni fundi.

Kura za maoni: acha Kanta ilale

Kura za maoni ndani ya chama ni shughuli ya wajumbe, watu wanaojulikana kwa majina. Watia nia hupewa dakika chache kila mmoja kujinadi mbele ya wajumbe, wanajibu maswali, wanatoka. Marekani wajitoleaji wa hatua hii hubisha hodi mlango kwa mlango, kwa sababu wapiga kura wake ni wananchi wa kawaida wanaohesabika kwa mamilioni. Huku wapiga kura wanaenea ukumbini. Anayekodi Kanta kwa kazi hiyo anamwaga hela, na huenda anajitafutia kesi, kwani shamrashamra za wapambe nje ya ukumbi ndizo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, na kamati za maadili huziangalia kwanza. Mahakama Kuu iliifuta takrima, ile ruhusa ya kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010. Soda na nauli za wajumbe zikibebwa kwenye gari lako la matangazo, gari hilo limekuwa ushahidi.

Kinachotosha ni spika la betri la magurudumu, inchi 12 au 15, na maiki mbili. Kwa ukumbi wa watu 200 hapo umemaliza. Tatizo la spika hizi ni betri: ya risasi iliyokaa stoo tangu msimu uliopita huwa imekufa hata kama taa ya chaji inawaka. Liwashe kwa sauti ya kati bila umeme wa ukutani, liache saa nzima. Likizima dakika ya 20, dai jingine. Na usikubali maiki za wailesi peke yake. Iwepo ya waya pembeni, imeshachomekwa.

Kwa urais hatua hii ina sura yake. Mwaka 2015 CCM ilipokuwa na watia nia wa urais zaidi ya 30, kila mmoja alizunguka mikoa kutafuta wadhamini, na Mwanza haikurukwa. Mwaka 2025 chama hicho kilimpitisha mgombea wake mapema, Januari, Dodoma, kwa hiyo msukosuko wote wa kukodi mitambo ulihamia kwa watia nia wa ubunge na udiwani. Zoezi la wadhamini, liwe la ndani ya chama au lile la Tume ya Uchaguzi linalotaka wapiga kura 200 kwa kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, linahitaji kivuli, meza, kalamu nyingi na mtu wa kukagua namba za kadi moja baada ya nyingine. Mziki mkubwa hapo unaharibu. Anayeandika namba ndefu huku besi inampiga mgongoni atakosea tarakimu, na tarakimu moja inatosha kumwangusha mdhamini.

Noah yenye honi

Hii ndiyo inayobeba msimu, na tunaipa alama za juu kuliko zote, ilimradi imefungwa vizuri. Kazi yake ni kupita mitaani kuita watu.

Anza na hesabu ya mwendo. Gari likienda kilomita 20 kwa saa linakata mita tano na nusu kila sekunde. Tangazo la sekunde 20 linaisha gari likiwa limesogea mita 110 na zaidi, kwa hiyo aliye mlangoni kwake amesikia mwanzo tu au mwisho tu. Punguza hadi kilomita 10 kwa saa na tangazo lile lile linameza mita 55 hivi. Mtu analipata zima. Madereva hawaupendi mwendo huo, wanasema injini inachemka na daladala zinawapigia honi nyuma. Mlipe kwa saa. Dereva anayelipwa kwa mizunguko atakimbia tu, utamkemea hadi jioni.

Maneno yenyewe yapangwe hivi: "Leo saa tisa alasiri, Furahisha. Mkutano wa mgombea ubunge fulani, chama fulani. Leo saa tisa, Furahisha." Muda na mahali vije mwanzo na virudi mwisho. Wapambe watataka mheshimiwa, jembe, chuma, mtoto wa nyumbani, yote yatangulie. Yakitangulia, gari limeshapinda kona kabla uwanja haujatajwa.

Mji huu umekaa juu ya mawe, na hapo ndipo gari nyingi hufeli. Igogo, Mabatini, Bugarika, nyumba zimepanda mlima na barabara iko chini. Honi nne zote zikiangalia mbele zinaitangazia bodaboda iliyo mbele yako. Mbili ziangalie mbele, nyingine moja kila ubavu, zikiinuliwa midomo ielekee mabati ya juu. Jabali nalo hurudisha sauti: lililo mita 50 linakurudishia neno baada ya karibu theluthi ya sekunde, kwa hiyo msomaji wa tangazo anayekimbiza maneno anagongana na mwangwi wake mwenyewe. Atulie kati ya sentensi na sentensi. Mitaa ambayo gari haifiki kabisa, mpe kijana kipaza sauti cha mkononi apande kwa miguu. Hakuna honi itakayofanya kazi yake.

Ukifika kulikagua gari, panda keria utazame nyaya. Honi nyingi ni za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani; ikishuka mno amplifaya inaelemewa). Nne zikiunganishwa sambamba, amplifaya inaona omu 2, na nyingi ya hizi zimeandikwa mwisho omu 4. Itapiga, tena kwa kishindo, kama nusu saa, halafu utasikia harufu. Fundi anayejua huzifunga mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi zote mbili sambamba, na hesabu inarudi omu 8. Angalia pia chanya na hasi. Honi moja ikigeuzwa, sauti yake na ya honi jirani zinauana katikati. Simama mbele ya gari baina ya honi mbili, mwambie fundi aongee, kisha achomoe moja. Ukisikia sauti imeongezeka baada ya kuchomoa, moja imegeuzwa.

Kingine ni besi kupitishwa kwenye honi. Kiwambo cha honi ni chembamba na hakikutengenezwa kwa sauti nzito; wimbo wa kampeni wenye ngoma nzito ukipigwa bila kukatwa besi chini ya hezi 300 au hapo karibu, kinapasuka na kuanzia hapo honi inakwaruza. Kama mitaani lazima uwepo wimbo, gari liwe na spika moja ya kawaida kwa ajili hiyo.

Umeme wa Noah ni betri ya gari na inveta, kifaa kinachoigeuza volti 12 kuwa umeme kama wa ukutani. Mzigo wa wati 500 unavuta ampea 42 kwenye volti 12, na ukiongeza upotevu wa inveta unakaribia 50. Betri ya N70 (ampea-saa 70 hivi) injini ikiwa imezimwa itafika nusu kabla ya saa moja kutimia, na betri ya gari ikishushwa hadi hapo mara kadhaa haiponi. Marufuku ni moja: kutangaza gari limezimwa. Hata likisimama sokoni injini iwake. Fyuzi ya inveta ikae karibu na betri, siyo kule nyuma, ili waya ukichubuka kwenye bodi isiwe moto.

Bajaji tunaipa nafasi yake: katikati ya mji, Makoroboi, Mlango Mmoja, njia ambazo Noah inakwama. Honi moja au mbili, wati chache, kutwa moja. Usiipeleke milimani na vyombo vizito juu ya paa, itakulalia ubavu.

Kanta, jenereta na uwanja

Kwa mkutano wa hadhara, Furahisha au uwanja wa shule kule Igoma, Kanta ndiyo saizi yake, na mara nyingi hugeuka kuwa jukwaa lenyewe. Hapa ndipo wenye mitambo hukuonyesha idadi ya spika. Usiihesabu. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, na kuongeza spika mara mbili kunarudisha desibeli 3 tu zikiongezewa umeme unaolingana. Kinachosaidia zaidi ni kuziinua. Spika zilizopangwa chini zinamezwa na miili ya watu wa mbele. Za sauti ya kati na za sauti nyembamba (twita) zikipandishwa mita tatu juu ya vichwa, maneno yanapita. Besi iachwe chini.

Uwekaji wa jukwaa Mwanza una mgogoro ambao mafundi wageni hawaujui. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Sauti inayokwenda na upepo huinama kuelekea watu, inayokwenda kinyume chake huinuka na kupotea hewani. Kwa hiyo jukwaa linataka kuwa upande wa ziwa. Lakini kwa mjini ziwa liko magharibi, na saa kumi jioni jua liko huko huko, kwa hiyo umati wote utakuwa umekunja uso. Ukiligeuza, mgombea ndiye anayepigwa na jua na sauti inapigana na upepo. Sisi tunalegeza kwa kulaza jukwaa mshazari, jua liwe begani kwa watu, na tunavalisha maiki zote sponji nene. Maiki isiyo na sponji kwenye upepo wa ziwa inatoa ngurumo ambazo hakuna mixa inayoziondoa bila kuondoa na sauti ya mtu.

Uwanja ukiwa mrefu, atatokea mtu atashauri spika za nyongeza katikati. Zikiwekwa mita 68 kutoka jukwaani, sauti ya jukwaani inazifikia imechelewa sekunde 0.2, na watu wa hapo wanasikia kila neno mara mbili. Ni lazima zicheleweshwe kwenye mixa kwa muda huo huo. Muulize fundi: "Fundi, mixa yako inachelewesha?" Akikujibu kwamba atapunguza sauti tu, spika hizo zibaki kwenye gari.

Jenereta ndiyo sehemu tuliyoona ikiharibu mikutano mingi kuliko zote. Ya KVA 5 inatoa kilowati 4 hivi, na usiibebeshe zaidi ya robo tatu ya hapo. Besi inapopiga, amplifaya inavuta umeme kwa mkupuo, volti inayumba, na mixa au kipokezi cha maiki za wailesi kinajizima na kujiwasha. Ndiyo sababu sauti hukatika wimbo unapokolea, na fundi anaanza kutikisa maiki wakati maiki haina kosa. Dawa yake ni rahisi: mixa na vipokezi vikae kwenye inveta au UPS yao peke yao, amplifaya zibaki kwenye jenereta. Fundi aliyekuja na UPS ndogo bila kuambiwa, mwongeze posho.

Waya wa kuvuta umeme upimwe kwa macho. Ule wa milimita 1.5 ukivutwa mita 50 unapoteza volti 12 hivi kwa mzigo wa ampea 10, wa 2.5 unapoteza kama 7. Ekstensheni ya kigoma ikunjuliwe yote, maana iliyobaki imejiviringisha inapata joto hadi plastiki inalainika. Jenereta ikae nyuma ya jukwaa umbali wa hatua 30, na ijazwe mafuta kabla ya mgeni kuingia, kwa sababu kuijaza ikiwa ya moto ni kuchezea maisha ya watu. Ya petroli ya saizi hii hula lita mbili hivi kwa saa kwa mzigo wa kati. Msafara ukisemwa unafika saa nane, weka ya kufikisha saa kumi na mbili jioni, maana anayetoka Magu akisimamishwa na wananchi kila kituo hafiki saa nane.

Saa kumi na mbili jioni mkutano wa kampeni unafungwa, na kuanza kabisa ni saa mbili asubuhi. Fundi apewe maagizo hayo na mratibu mmoja tu. Wakiwa watatu, saa kumi na mbili kasorobo mmoja atamwambia zima, mwingine ongeza.

Maiki za wailesi za bei rahisi nyingi zina masafa yasiyobadilishika. Kukiwa na mkutano wa injili mtaa wa pili wenye seti ya aina hiyo hiyo, mhubiri ataingia kwenye spika zako mgombea akiwa katikati ya ahadi ya maji. Washa vipokezi saa moja kabla, maiki zote zikiwa zimezimwa, usikilize. Betri mpya ziingie kabla ya msemaji mkuu hata kama za zamani zinaonyesha bado. Na mtu anayepanda jukwaani aambiwe mapema asifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii, hapo ndipo inapopiga filimbi; aishike chini, vidole vinne kutoka mdomoni.

Kikundi cha bugobogobo, ngoma ya asili ya Wasukuma, kikiingia na ngoma zake, zima maiki za jukwaani kabisa. Ngoma zile zinajitosha, na maiki iliyoachwa wazi karibu nazo inapeleka mapigo yote kwenye amplifaya na kuiwashia taa nyekundu. Waandishi wapewe waya wao kutoka kwenye mixa. Usipowapa, meza ya mgombea itajaa maiki kumi za redio na mojawapo itaanguka.

Wajitoleaji wawili wanatosha kulinda yote haya. Mmoja asimame hatua 60 hadi 80 nyuma ya umati, kazi yake ni kunyoosha mkono juu au chini kwa fundi. Mwingine alinde kebo zinapokatiza njia ya watu. Oktoba mvua za vuli huweza kushuka alasiri bila kubisha hodi, kwa hiyo kila kiungo cha kebo kiinuliwe juu ya tofali na turubai la nailoni liwe tayari limefunguliwa.

Malipo

Bei ya Juni siyo ya Septemba, kwa hiyo uliza kilichomo ndani ya bei: mafuta ya gari, mafuta ya jenereta, posho ya fundi na dereva, chakula, na saa za ziada mgeni akichelewa. Ugomvi mwingi huanzia kwenye mafuta ya jenereta. Lipa nusu, nyingine baada ya kazi, na iandikwe kwamba mtambo ukifa zaidi ya nusu saa kwa kosa la mwenye mtambo, malipo yanapungua kwa kiasi mlichokubaliana. Risiti idaiwe kila siku, siyo mwisho wa kampeni, kwa sababu gharama za uchaguzi hutolewa taarifa na mwenye Kanta ukimtafuta Novemba yuko Kahama kwenye harusi. Gari lililotolewa bure na rafiki wa mgombea nalo liandikwe thamani yake.

Ng'ambo na visiwani

Sengerema imekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Kanta inaondoka Mwanza asubuhi na kurudi jioni bila kupanga foleni ya kivuko. Ukerewe bado ni hesabu nyingine. Meli ya Nansio inachukua saa kadhaa, na gari lililokosa nafasi ya kurudi linakulaza na bili ya siku ya pili. Kuzunguka kwa Bunda na kuvuka Kisorya hadi Rugezi ni mbali lakini ratiba yake inakupa nafasi zaidi ya kubadili mpango. Kwa Ukara usipeleke Kanta. Peleka spika mbili za betri, inveta na jenereta ndogo, vikifungwa kwenye masanduku yasiyopitisha maji. Baada ya MV Nyerere kuzama Septemba 2018, hakuna mratibu mwenye haki ya kubishana na nahodha kuhusu uzito. Petroli inunuliwe huko huko uendako, isipande chombo kimoja na watu.